Mfarishi wa Bi Harriet: shajara ya kushona picha tatu

11 Januari

Nimeshaamua. Mwaka huu nashona picha tatu kutoka kwenye mfarishi (tandiko la tabaka za kitambaa na pamba zilizoshonwa pamoja) wa pili wa Harriet Powers, ule unaohifadhiwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Museum of Fine Arts, Boston. Mfarishi mzima una picha 15, safu tatu za picha tano tano, na urefu wake unakaribia mita 2.7. Sina nia ya kuurudia wote. Nataka kuujua mkono wa mama huyu, na mkono wa fundi haujulikani kwa macho peke yake. Unajulikana sindano ikiwa vidoleni, kitambaa kikigoma pale pale kilipomgomea yeye.

Nitamwita Bi Harriet, kama ningemwita mama yeyote wa umri wake. Alizaliwa utumwani tarehe 29 Oktoba 1837, karibu na mji wa Athens, jimbo la Georgia, Marekani. Aliolewa na Armsted Powers mwaka 1855, wakapata watoto wasiopungua tisa. Utumwa ulipokwisha walibaki wakulima, na kufikia miaka ya 1880 walikuwa na shamba lao wenyewe, ekari nne. Ni mama wa shamba, aliyeshona baada ya kazi za shamba. Mifarishi yake inayojulikana kuwapo leo ni miwili tu: huo wa Boston, alioushona kati ya 1895 na 1898, na wa kwanza wenye picha 11 za Biblia, wa mwaka 1886 hivi, ambao uko makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Picha nilizochagua ni nyota zilizoanguka mwaka 1833, siku ya giza ya mwaka 1780, na ile yenye nguruwe aitwaye Betts. Kila moja itakuwa na maelezo yake yaliyoshonwa kwenye kitambaa kidogo cha nyuma. Bi Harriet alihakikisha mifarishi yake haiendi popote bila maneno yake, na nikimwiga mshono bila kumwiga hilo nitakuwa nimeacha nusu ya kazi yake.

19 Januari

Vitambaa vimekamilika. Bitana ni marekani: pamba tupu, haijapaushwa, inapitisha sindano bila kelele. Nimeifua kwa maji ya moto na kuikausha juani, halafu nikarudia, maana marekani mpya husinyaa, na ikisinyaa baada ya kushonwa huvuta uso wote ukajikunja.

Marekani nimeichagua pia kwa sababu ya historia yake. Mwaka 1837, mwaka ule ule aliozaliwa Bi Harriet, Richard Waters alifika Zanzibar kuwa konsuli wa kwanza wa Marekani. Alitoka Salem, Massachusetts. Meli za Salem zilileta Zanzibar nguo za pamba kutoka viwanda vya kaskazini, misafara ikazipandisha bara hadi Tabora na Ujiji, na meli zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Pamba ya viwanda hivyo ilitoka majimbo ya kusini, na waliokuwa wakiipanda na kuichuma walikuwa watumwa. Mikono iliyochuma pamba Georgia na miili iliyovaa marekani huku bara ilifungwa na biashara moja, na pande zote mbili za biashara hiyo walikuwapo watu waliouzwa. Ninapoipiga pasi siwezi kuliweka hilo kando.

Viraka vya picha vinatokana na nguo kuukuu: gauni lenye maua madogo, mashati mawili ya mistari, foronya. Vyote pamba. Kitambaa cha nailoni kinateleza na hakishiki kunjo, na kazi hii yote inasimama juu ya kunjo: ukingo wa kila kiraka hukunjwa ndani, ndipo kiraka kishonewe juu ya kitambaa kingine.

27 Januari

Kabla ya mkasi, maneno. Maelezo ya picha ya nyota, kwa ufupi, yanasema hivi: tarehe 13 Novemba 1833 nyota zilianguka, watu waliogopa wakadhani mwisho umefika, mkono wa Mungu ukazizuia nyota, wanyama wa porini wakatoka mbio malaloni mwao.

Humo mna kila kitu cha kukata: nyota, watu, mkono, wanyama. Mtu asiyesoma maelezo akiutazama mkono ule anaweza kuudhani pambo, au salamu, au mkono wa mmoja wa watu walio chini. Aliyesoma anajua ni mkono ulioko kazini, unazuia. Umbo ni lile lile, lakini ukishalijua unalikata tofauti: vidole vinatanuka, kiganja kinakuwa kipana, na unajua lazima uwe juu ya watu wala si kando yao.

Usiku huo ulikuwa wa kweli. Vile vilikuwa vimondo vya Leonidi, vinavyotokea kila Novemba dunia inapokatiza vumbi lililoachwa na nyota mkia Tempel-Tuttle, ambayo huzunguka jua kwa miaka 33 hivi. Mwaka 1833 vilishuka kwa wingi usio wa kawaida, vikaonekana sehemu kubwa ya Marekani. Watu wengi waliozaliwa utumwani, ambao hakuna aliyewaandikia tarehe ya kuzaliwa, walikuja kuhesabu umri wao kwa usiku huo: fulani alizaliwa kabla nyota hazijaanguka, fulani baada.

Bi Harriet alizaliwa miaka minne baadaye. Hakuziona. Alizipokea kwa midomo ya wakubwa wake, akazibeba tangu utotoni, na alipokaribia miaka sitini akazishona. Ukihesabu picha za mfarishi ule kuanzia juu kushoto, nyota ni picha ya nane kati ya 15. Ni katikati kabisa. Kuna Adamu na Hawa, kuna Yona, kuna Ayubu, kuna msalaba, lakini kitovu cha kitambaa amekipa usiku uliosimuliwa na watu wake. Siamini kwamba hilo lilitokea kwa bahati.

5 Februari

Nimekata nyota. Sikutumia kiolezo cha karatasi. Ukizitazama nyota za Bi Harriet kwa karibu hazifanani kama vitu vilivyopigwa muhuri. Nimepiga chaki moja ya katikati, nikakata kwa macho, na kila moja imekuja na tabia yake.

Ncha za nyota ndizo zinazotenganisha fundi na fundi. Unaacha ziada ya nusu sentimita hivi kuzunguka umbo lote. Kwenye ncha unakunja kwanza upande mmoja, unashona hadi kileleni, unapiga mshono mmoja wa ziada hapo kileleni kuushikilia, kisha unaingiza kunjo la pili chini kwa ncha ya sindano na kuendelea upande mwingine. Kitambaa kikijaa sana chini ya kilele unapunguza kwa mkasi mdogo, lakini ukipunguza kupita kiasi nyuzi zinafumuka na ncha inakufa. Kwenye mabonde kati ya ncha na ncha ni kinyume: unachanja ziada mpaka karibu ufike kwenye mstari, ili kunjo lifunguke, na mishono inakuwa ya karibu karibu kwa sababu pale hakuna ziada ya kuisaidia. Nyota moja ya ncha nane ina vilele vinane na mabonde manane. Zidisha kwa nyota zote za picha hiyo, halafu ukumbuke ni picha moja kati ya 15, na mshonaji alikuwa na shamba la kupalilia asubuhi.

Mwenzangu wa kushona amenitembelea akauliza kwa nini nisipige gundi ya pasi halafu nipitishe cherehani pembezoni. Nimemwambia ingefika haraka, ila nisingejua chochote zaidi ya ninachokijua sasa.

16 Februari

Suala la cherehani linastahili kuandikwa sawasawa, kwa sababu kuna wanaopenda kumfikiria Bi Harriet gizani na sindano moja na mshumaa. Mifarishi yote miwili ina mishono ya mkono na mishono ya cherehani. Alikuwa na chombo cha kisasa cha wakati wake, akakitumia pale kilipomfaa, na pale palipotaka mkono akatumia mkono. Nimeamua kumfuata. Mikanda inayotenganisha picha naiunga kwa cherehani, mistari iliyonyooka haidai zaidi ya hapo. Maumbo yote ni ya mkono.

Kazi ya leo: nyota zote zimepigwa bandi (mishono mikubwa ya muda ya kushikilia kitambaa) mahali pake, watu wanne wamepigwa bandi, mkono bado.

18 Februari

Mkono umekaa.

2 Machi

Sindano imepumzika leo kwa sababu nimekuwa nikiandika sehemu ya mauzo, itakayokwenda kwenye daftari la mradi. Naiweka hapa kwa kirefu.

Mwaka 1886 palikuwa na maonyesho ya pamba mjini Athens. Mfarishi wa kwanza wa Bi Harriet, wa picha za Biblia, ulitundikwa pembeni. Jennie Smith, mwalimu wa sanaa wa mji huo, aliuona, akamtafuta aliyeushona, akaomba kuununua. Jibu lilikuwa hapana, kwa bei yoyote ile.

Miaka michache baadaye hali ya shamba ikawa ngumu. Bi Harriet akamjulisha Smith kwamba sasa yuko tayari. Smith hakuwa na fedha wakati huo, na muda ukapita tena kabla ya kumtumia ujumbe. Siku ya kuuza ilipofika, Bi Harriet alikuja kwa mkokoteni wa ng'ombe akiwa ameupakata mfarishi. Alikuwa ameufunga ndani ya mfuko safi wa unga, na mfuko huo ukafungwa ndani ya gunia. Aliomba dola 10. Smith akasema hawezi kuzidi dola 5. Bi Harriet alikwenda kushauriana na mumewe, akarudi, akaeleza kwamba kwa ugumu wa maisha mumewe anaona heri auze. Akauacha kwa dola 5.

Kabla ya kuondoka alimweleza Smith picha zote, moja baada ya nyingine, na Smith akaandika. Adamu na Hawa bustanini na nyoka, Hawa na mwana, shetani katikati ya nyota saba, Kaini akimuua Habili, Kaini akienda nchi ya Nodi kutafuta mke, ndoto ya Yakobo, ubatizo, kusulubiwa, Yuda na vipande 30 vya fedha, karamu ya mwisho, familia takatifu. Baadaye alirudi zaidi ya mara moja kuutembelea mfarishi wake nyumbani kwa mnunuzi. Smith anasema kilichomfariji kidogo ni ahadi kwamba atamwekea vitambaa vyake vyote vilivyobaki.

Nimesoma watu wakiisimulia hadithi hii kama hadithi ya dola 5 na kuishia hapo. Dola 5 ni dhuluma, sina neno jingine, hata kama Smith alitoa alichokuwa nacho. Ila mimi, kwa kuwa nashona, macho yangu yanaganda kwenye vitu viwili vingine. Kwanza, mama anayenyang'anywa kazi yake na shida bado anasimama kufafanua kila picha, ili isije ikasomwa vibaya. Pili, vile vitambaa. Mtu anayepokea ahadi ya mabaki ya vitambaa siku hiyo hiyo ameshaanza kufikiria mfarishi mwingine.

8 Machi

Barua ya Bi Harriet niliyokuwa nikiitafuta nimeipata kwenye maandishi ya Kyra Hicks, mtafiti aliye pia mshonaji. Mwaka 2009 alichapisha maneno ya barua ambayo Bi Harriet aliiandika mwaka 1896. Humo anasema anajua kusoma, na anataja mifarishi mingine aliyoishona, mmoja ukiwa wa karamu ya mwisho. Kwa miaka mingi watu waliandika kwamba hakujua kusoma, na kwamba Biblia aliipata kwa kusikiliza tu. Sasa tuna kauli yake mwenyewe. Hii inabadilisha namna ninavyomwona pale mezani: amesoma, amesikia, amechagua.

15 Machi

Siku ya giza imekatwa na kupigwa bandi. Ilikwenda haraka kuliko nilivyotarajia.

Ni tarehe 19 Mei 1780, kaskazini mashariki mwa Marekani, mchana ulipogeuka usiku. Leo inajulikana ulikuwa moshi wa misitu iliyoungua Kanada, ukichanganyika na ukungu na mawingu. Katika maelezo ya Bi Harriet nyota saba zilionekana saa sita mchana, ng'ombe wakaenda kulala, kuku wakapanda kulala, tarumbeta ikapigwa, jua likawa doa dogo kisha giza. Ni miaka 57 kabla hajazaliwa. Napenda jinsi anavyoitaja mifugo. Mkulima hupima giza kwa kuku.

Kitambaa cha anga hapa nimechagua kijivu cha shati, mistari ikilala. Ikisimama inaonekana kama mvua.

23 Machi

Nimeulizwa kama ufundi wa Bi Harriet ulitoka Afrika, na najua nitaulizwa tena.

Kukata umbo la mtu au mnyama kwenye kitambaa na kulishonea juu ya kitambaa kingine ni ufundi wa zamani Abomey, mji wa wafalme wa Dahomey, Benin ya leo. Huko mafundi waliwashonea wafalme mabango yenye simba, papa, ndege na silaha, kila mfalme na alama zake. Wasomi wengi wameyaweka mabango hayo kando ya mifarishi ya Bi Harriet na kuona udugu. Mimi pia nauona: maumbo bapa yasiyo na sura, rangi moja juu ya rangi nyingine, mnyama mkubwa kuliko mtu pale mnyama anapokuwa na jambo la kusema.

Ila sitaki kumgeuza mpokezi tu, mtu aliyepitisha kitu kilichopita ndani yake bila yeye kukifanya. Jennie Smith alikulia Kusini, akasema anazijua ruwaza 30 za mifarishi, na kwamba hajawahi kuona kiumbe hai kwenye mfarishi mpaka alipouona huu. Kama hilo ndilo alilolikuta mtu aliyezungukwa na mifarishi maisha yake yote, basi Bi Harriet alifanya jambo ambalo jirani zake hawakulifanya. Urithi unaweza kuwapo na ubunifu ukawa wake vile vile. Na wale wanaosema maumbo yake ni ya kitoto nawaomba wakate mkono mmoja wenye vidole vitano, waushone bila kidole kimoja kufumuka, kisha tuzungumze.

4 Aprili

Betts.

Hii ndiyo picha iliyonivuta kwenye mradi wote. Ni ya 13, safu ya chini. Kwenye picha hiyo kuna hadithi ya matajiri wawili wa Virginia, Bob Johnson na Kate Bell, ambao hawakufundishwa neno la Mungu. Waliwaambia wazazi wao wasimamishe saa ikifika saa saba, na kesho yake itapiga yenyewe saa saba. Ikapiga, na hiyo ikawa ishara kwamba wameingia adhabu ya milele. Halafu, chini yao, bila daraja lolote la maneno, yuko nguruwe jike aliyejitegemea. Alikimbia maili 500 kutoka Georgia hadi Virginia. Jina lake Betts.

Maelezo yanaishia hapo. Bi Harriet anatupa umbali, mwanzo, mwisho, na jina. Maili 500 ni kilomita 800 hivi. Na mwelekeo ni kaskazini, upande waliokokimbilia watumwa waliotoroka.

Wengi wameona ndani ya Betts habari ya mtumwa anayetoroka, na mimi ni mmoja wao. Mshonaji aliishi utumwani hadi karibu na umri wa miaka 28. Anamweka mnyama anayekimbilia kaskazini, anamwita mwenye kujitegemea, anampa jina, na anamtandaza chini ya picha akiwa mkubwa kuliko matajiri walio juu yake. Huhitaji kulazimisha maana. Yeye mwenyewe ametumia neno la kujitegemea kwa nguruwe, na hakulitumia kwa mtu yeyote katika picha hiyo.

Nimemkata Betts kutoka kwenye gauni lenye maua madogo. Umbo la nguruwe ni rahisi kuliko nyota: mgongo mrefu, miguu mifupi, ncha chache. Ugumu ni kwamba kiraka kikubwa kinateleza na kuvimba katikati. Nimekilaza kwa kufuata uzi wa kitambaa cha chini, nyuzi za juu na za chini zikielekea upande mmoja, nikapiga bandi kutoka katikati kwenda nje kama miali. Hapo kilitulia.

13 Aprili

Betts ameshonwa. Matajiri wanasubiri.

20 Aprili

Tabaka tatu zimelalana: bitana ya marekani chini, pamba nyembamba iliyochambuliwa katikati, uso wa picha juu. Nimepiga bandi kubwa kubwa kuzishika, na sasa nadarizi. Huu ndio mshono unaofanya kitambaa kiwe mfarishi badala ya shuka lenye picha. Sindano fupi, subana (kikofia cha kukinga kidole) kwenye kidole cha kati, unashuka wima hadi kidole cha chini kiguswe, unarudi juu, unakusanya mishono mitatu minne kwenye sindano kabla ya kuvuta uzi. Pamba ikiwa nene mishono inakuwa mirefu utake usitake. Pamba nyembamba inakuruhusu kushona kwa karibu.

Nazungushia umbo kwanza, kisha naujaza uwanja. Baada ya kudariziwa, nyota zimeinuka. Hilo halionekani kwenye picha za kuchapishwa hata kidogo, na nadhani ndiyo sababu watu wengi wanaiona kazi ya Bi Harriet kama mchoro. Ni kitu chenye mwinuko, kilichofanywa kiguswe na mwili uliolala.

1 Mei

Kuhusu rangi. Rangi zinazoonekana leo kwenye mifarishi ile siyo alizoziona yeye. Rangi nyingi za viwandani za mwisho wa karne ya 19 zilififia kwa mwanga na kufua, waridi na kijani zikawa hudhurungi hafifu. Na hudhurungi nyingine za zamani, zile zilizotiwa rangi kwa chuma, zinakula uzi wenyewe mpaka kitambaa kinameguka. Ndiyo maana makumbusho huonyesha vitambaa vya umri huu kwenye mwanga hafifu, laksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi, kwa muda mfupi, kisha huvirudisha gizani. Mwaka 2021 mifarishi yote miwili iliwekwa kwenye onyesho moja Boston, kwa mara ya kwanza. Sikuwapo, na nimewaonea wivu waliokuwapo.

Kwa hiyo nimeachana na fikra ya kuiga rangi za sasa. Nimeshona kwa rangi zilizo hai. Wenye mifarishi ya bibi zao nyumbani: isilale kwenye kunjo lile lile miaka yote, mikunjo hukatika, isikae juani, wala isigusane na ubao mtupu, funga kwanza kwa marekani iliyofuliwa.

9 Mei

Kuna jambo lililonizuia kushona nakala nzima, na halikuwa muda. Mwaka 1992 Smithsonian iliruhusu mfarishi wa kwanza wa Bi Harriet na mingine kadhaa ya hazina yake inakiliwe China kwa ajili ya kuuzwa. Washonaji wa Marekani walilalamika kwa nguvu, hadi taasisi ikabadili utaratibu wake. Sina ugomvi na mafundi wa China, waliokuwa kazini kama fundi yeyote. Kinachonisumbua ni kitanda kinachotandikwa Yuda na vipande vyake 30 bila mwenye kitanda kujua kwamba ni Yuda. Mfarishi uliofika bila maneno ya aliyeushona umefika nusu.

Mwaka 2005 jiwe la kaburi la Bi Harriet lilipatikana kwenye makaburi ya Gospel Pilgrim, Athens. Ndipo ilipothibitika kwamba alifariki tarehe 1 Januari 1910. Kabla ya hapo wengi waliandika 1911. Karibu karne nzima jiwe lenye jina lake lilifunikwa na majani, na muda wote huo maelezo ya picha zake yalikuwa yakisomwa.

Ipo pia picha yake moja ya kamera, ya mwaka 1897 hivi. Amesimama wima, amevaa aproni aliyoibandikia maumbo, kama yale ya mifarishini. Alivaa kazi yake mbele ya kamera. Nimeichapisha na kuiweka juu ya meza, si kwa pambo. Nashona nikiangalia namna alivyoyapanga yale maumbo pembezoni.

17 Mei

Maelezo ya nyuma. Nimeyadarizi kwa uzi wa buluu juu ya marekani, mshono wa nyuma, herufi zenye kimo cha ukucha. Kila kitambaa kina sehemu mbili. Ya juu: jina la Harriet Powers, Athens, Georgia, mwaka, na maana ya picha kwa Kiswahili nikifuata maneno yake. Ya chini: nani ameshona hiki, kwa vitambaa vya nguo gani, na ni kipi nimekibadilisha. Kwa nyota nimeandika kwamba rangi ni zangu na idadi ya watu ni pungufu. Kwa siku ya giza nimeandika shati lilikuwa la nani.

Mwenzangu alisoma ya kwanza akasema maneno ni mengi mno kwa kitambaa. Nimefikiria. Nimepunguza sifa, nimebakiza habari.

25 Mei

Nyota na siku ya giza zimekamilika, pindo limepigwa, zimelala bapa ndani ya kitambaa kilichofuliwa. Betts amedariziwa, pindo lake limebaki upande mmoja. Maelezo yake bado: nimeandika umbali, mwanzo, mwisho na jina, na sioni cha kuongeza, kwa hiyo huenda yakawa mafupi kuliko mengine yote.

Nimeamua kuongeza picha ya nne ambayo haikuwa kwenye mpango, ya usiku mwekundu wa 1846. Wakati huo Bi Harriet alikuwa mtoto wa miaka minane, kwa hiyo hii huenda aliiona kwa macho yake. Ina mtu anayepiga kengele kuwaarifu watu, na shati la pili la mistari linatosha kumvika yeye na kubaki kwa kengele.